FFmpeg 5 hadi 8: kilichoongezwa, kilichoondolewa, na amri za kurekebisha

Anayehamisha kompyuta kutoka Debian 12 kwenda Debian 13 anaruka kwa hatua moja kutoka toleo la 5.1 hadi 7.1 la FFmpeg, programu ya amri ya kubadilisha video na sauti. Skripti yake ya kutenga sauti ya upande wa kushoto kwenye mahojiano, iliyokuwa ikifanya kazi siku zote bila kusumbua, inagoma hata kabla faili halijafunguliwa:

```
Unrecognized option 'map_channel'.
Error splitting the argument list: Option not found
```

Hapo hakuna kilichoharibika. Swichi ya `-map_channel` ilishatangaziwa mapema kwamba itaondoka, ikawa inatoa onyo la rangi ya manjano kila inapotumika, na toleo la 7.0 likaifuta kabisa pamoja na `-psnr`. Kazi ile ile sasa inafanywa na chujio la `pan`:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vn -af "pan=mono|c0=c0" kushoto.wav
```

`c0` ya kwanza ni chaneli inayotoka, `c0` ya pili ni chaneli ya kushoto ya chanzo. Ukitaka ya kulia, andika `c0=c1`.

Lile onyo la manjano lina thamani kuliko tangazo lolote la toleo jipya. Kwa kawaida FFmpeg haikati kitu ghafla: kwanza inaonya, kitu kinakaa toleo moja au mawili, ndipo kinaondolewa namba ya kwanza inapobadilika. Anayesoma maonyo leo anajua mwakani kitakatika nini. Ndiyo maana kuweka `-loglevel quiet` ndani ya skripti ni kujifunga macho. Weka `-loglevel warning`: kelele zote zitanyamaza, maonyo na hitilafu vitabaki.

Mradi huu ulianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na matoleo yake hupewa majina ya wanasayansi na wanahisabati. 5.0 "Lorentz" lilitoka Januari 2022, 6.0 "Von Neumann" Februari 2023, 7.0 "Dijkstra" Aprili 2024, na 8.0 "Huffman" Agosti 2025. Jina la mwisho limepata mahali pake hasa, kwa sababu misimbo aliyoichapisha David Huffman mwaka 1952 ndiyo inayobana data ndani ya MP3, AAC na JPEG mpaka leo.

Namba ya kwanza ikipanda, maktaba zote za ndani hupanda nayo. `libavcodec` ya FFmpeg 4 ni 58, ya 5 ni 59, ya 6 ni 60, ya 7 ni 61 na ya 8 ni 62. Kwa hiyo programu nyingine, iwe kihariri cha video au kicheza muziki, ikilalamika hivi:

```
error while loading shared libraries: libavcodec.so.59: cannot open shared object file
```

ujue ilijengwa kwa FFmpeg 5 na wewe umeshaiondoa. Mtandaoni utakuta ushauri wa kutengeneza kiungo kinachoitwa `.so.59` kikielekeza kwenye `.so.61`. Usifanye hivyo. Mpangilio wa data ndani ya maktaba hizo mbili haufanani, na programu itaanguka katikati ya kazi au itatoa faili bovu bila kusema neno. Dawa ni kuijenga upya programu hiyo, au kuibakiza maktaba ya zamani kando ya mpya.

Namba ya pili huongeza vitu. Namba ya tatu, kama 7.1.1, ni marekebisho ya hitilafu na kuziba mianya ya usalama. Ukipokea video kutoka kwa watu usiowajua, labda kupitia tovuti yako, namba hii ya tatu usiichelewe, kwani dikoda (sehemu inayofumbua video iliyobanwa) ndiyo ya kwanza kugusa data ambayo mtu mwenye nia mbaya ameitengeneza kwa makusudi.

Katika mfululizo wa 5, mawili yanawagusa watu wa kila siku. La kwanza ni `-fps_mode`, swichi ya kupanga kasi ya fremu, iliyoingia 5.1 kuchukua nafasi ya `-vsync`. `-vsync 0` iandike `-fps_mode passthrough`, `-vsync 1` iwe `-fps_mode cfr`, `-vsync 2` iwe `-fps_mode vfr`. Faida yake ni kwamba swichi mpya inaweza kupewa kila mkondo wa video peke yake.

La pili ni hatari zaidi kwa sababu halipigi kelele. Enkoda (sehemu inayobana video) ya muundo wa AV1, iitwayo SVT-AV1, ilianza kupokea `-crf`, swichi ya ubora, kuanzia 5.1; kabla ya hapo ubora uliwekwa kwa `-qp`. Ukinakili amri ya kisasa na kuiendesha kwenye 4.4, kazi haisimami. Unapata mstari mmoja wa onyo kwamba `crf` "has not been used for any stream", kisha video inabanwa kwa ubora wa chaguo-msingi. Faili linatoka, linacheza, lakini namba ya `-crf` uliyoiandika haikuguswa. Anza kila kazi kwa `ffmpeg -version`, halafu `ffmpeg -h encoder=libsvtav1` uone ni swichi zipi enkoda yako inazikubali.

Na ukishaingia AV1, sahau namba za x264, enkoda ya muundo wa H.264. Kipimo cha CRF cha x264 ni 0 hadi 51 na chaguo-msingi ni 23. Cha SVT-AV1 kinafika 63, na mahali pazuri pa kuanzia ni 30 hadi 35:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libsvtav1 -preset 6 -crf 32 -g 240 \
  -pix_fmt yuv420p10le -c:a libopus -b:a 96k harusi.mkv
```

Matoleo ya 6 yalikuwa ya kuandaa uwanja. 6.0 lilimpa kila mfungaji wa kontena (faili kama MP4 au MKV linalobeba picha na sauti) uzi wake, na 6.1 likaleta usimbuaji, yaani kufumbua video iliyobanwa, kwa Vulkan, njia ya kutumia kadi ya michoro. Uzi hapa ni njia moja ya kazi ndani ya programu, na nyuzi kadhaa huweza kwenda sambamba kwenye viini tofauti vya prosesa.

Mabadiliko makubwa yalikuja na 7.0. Safari ya video ndani ya FFmpeg ina hatua tano: kufungua kontena, kusimbua, kuchuja, kusimba, na kufunga kontena jipya. Zamani dikoda na enkoda zilikuwa na nyuzi zao za ndani, lakini ile programu ya amri iliyoziunganisha ilipeleka kazi kwa zamu. Ikimpelekea fremu msimbaji wa kwanza, wa pili anasubiri. Anton Khirnov, mmoja wa watengenezaji wa FFmpeg, aliufumua mtambo huo na kuusuka upya, na tangu 7.0 kila hatua inaenda kwa uzi wake, zote kwa pamoja.

Faida yake inaonekana pale ambapo chanzo kimoja kinatoa faili nyingi. Mfano ni mahojiano yanayotakiwa kwa ukubwa wa aina tatu:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -filter_complex \
 "[0:v]split=3[a][b][c];[a]scale=-2:1080[v1];[b]scale=-2:720[v2];[c]scale=-2:480[v3]" \
 -map "[v1]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 21 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k m1080.mp4 \
 -map "[v2]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 22 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k m720.mp4 \
 -map "[v3]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k m480.mp4
```

Ukiwa na faili moja tu linalotoka, na x264 tayari imeshajaza viini vyote vya prosesa, usitarajie muujiza. Muda utabaki karibu ule ule.

Tazama ile `-2` ndani ya `scale`. Mtu akiandika `-1` badala yake, video ya 1920 kwa 1080 ikishushwa hadi urefu wa 480 inapata upana wa 853.33, inakatwa kuwa 853, na x264 inakataa kwa ujumbe `width not divisible by 2 (853x480)`. Sababu ni kwamba katika yuv420p rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na 853 haigawanyiki kwa mbili. `-2` huipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani, 854, na kazi inaendelea.

Gharama ya nyuzi nyingi ni RAM. Fremu moja ya 1080p katika yuv420p ya biti 8 ni baiti 3,110,400, yaani MB 3 hivi. Ya 4K ni baiti 12,441,600. x264 kwa `-preset medium` huchungulia fremu 40 mbele kabla ya kuamua namna ya kubana, kwa hiyo enkoda moja ya 4K inashika karibu nusu GB kwa kuchungulia tu, na bado kuna fremu zinazosubiri kwenye foleni kati ya hatua na hatua. Kwenye mashine ya GB 4, kazi ya 4K yenye matokeo matatu inaweza kufa kwa neno moja la `Killed`. Neno hilo si la FFmpeg, ni la Linux iliyoishiwa kumbukumbu. Faili lililobaki likifunguliwa linasema `moov atom not found`, maana faharasa ya MP4 huandikwa mwisho na mwisho haukufika. Punguza kwa `-x264-params rc-lookahead=15`, au toa faili moja moja. Na kwa kazi ndefu kwenye mashine dhaifu, andika kwanza kwenye MKV, ambayo hata ikikatika katikati bado inachezeka hadi pale ilipofika, kisha uihamishie MP4 bila kubana upya:

```
ffmpeg -i kazi.mkv -c copy -movflags +faststart kazi.mp4
```

`+faststart` huihamishia faharasa hiyo mwanzoni mwa faili, ili video ianze kucheza mtandaoni kabla haijashuka yote.

Katika 7.0 kuna jingine dogo lakini tamu: swichi yoyote inaweza kusomwa kutoka kwenye faili kwa kuweka mkwaju. Mpangilio mrefu wa vichujio uhifadhi ndani ya `grafu.txt`, kisha uandike `-/filter_complex grafu.txt`. Kero ya alama za kunukuu kwenye terminali inaisha hapo.

7.1 "Péter", la Septemba 2024, liliitangaza dikoda ya VVC, muundo mpya wa kubana video, kuwa imekomaa (katika 7.0 ilikuwa ya majaribio), likaongeza kusoma xHE-AAC (muundo wa sauti) na MV-HEVC (video ya mitazamo mingi). Pia lilianza kuonya juu ya `scale2ref`, chujio ambalo wengi hulitumia kuweka nembo kwenye video. Kazi yake imehamia ndani ya `scale` yenyewe:

```
ffmpeg -i habari.mp4 -i nembo.png -filter_complex \
 "[1:v][0:v]scale=w=oh*dar:h=rh/10[n];[0:v][n]overlay=W-w-20:20" \
 -c:a copy habari_nembo.mp4
```

`rh` ni urefu wa video ya rejea, kwa hiyo nembo inakuwa sehemu moja ya kumi ya urefu wa picha, iwe 480p au 4K.

Sasa 8.0. Kuna kusimba AV1 kwa Vulkan, kuna kusoma ProRes RAW, kuna mengi ya watu wa studio. Ila kwa anayeandika na kusema Kiswahili, habari kubwa ni chujio la `whisper`: FFmpeg inasikiliza sauti na kuandika manukuu yenyewe, hapo hapo kwenye kompyuta yako, bila kutuma chochote nje. Na Kiswahili kimo kati ya lugha ambazo modeli ya Whisper inazijua, kwa alama ya `sw`.

Kama kifurushi cha mfumo wako hakijalijumuisha, itabidi ujenge mwenyewe, pamoja na whisper.cpp, maktaba inayoiendesha modeli hiyo. Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential cmake git nasm pkg-config \
  libx264-dev libx265-dev libnuma-dev libsvtav1enc-dev libdav1d-dev \
  libopus-dev libmp3lame-dev libass-dev

git clone https://github.com/ggml-org/whisper.cpp
cd whisper.cpp
cmake -B build -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/ff8
cmake --build build -j4
cmake --install build
sh ./models/download-ggml-model.sh small
cd ..

git clone --branch release/8.0 --depth 1 https://git.ffmpeg.org/ffmpeg.git
cd ffmpeg
PKG_CONFIG_PATH=$HOME/ff8/lib/pkgconfig ./configure --prefix=$HOME/ff8 \
  --enable-gpl --enable-libx264 --enable-libx265 --enable-libsvtav1 \
  --enable-libdav1d --enable-libopus --enable-libmp3lame \
  --enable-libass --enable-whisper
make -j4 && make install
export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/ff8/lib
```

Tawi la `release/8.0` linakupa toleo pamoja na marekebisho yaliyofuata. Lebo ya `n8.0` ni siku ya kwanza tu. `--enable-gpl` ni lazima kwa x264 na x265. Kati ya vitafsiri vya asembli, kuanzia 8.0 yasm haikubaliwi tena, ni nasm peke yake, na `configure` itakuambia hivyo. Usiikwepe kwa `--disable-x86asm`: ujenzi utapita, lakini msimbo wa asembli ulioandikwa kwa mkono utakuwa nje na ubadilishaji utakuwa wa kobe. `configure` ikisema maktaba fulani `not found using pkg-config`, mara nyingi maktaba ipo na kinachokosekana ni kifurushi chake cha `-dev`. Jibu kamili liko mwishoni mwa `ffbuild/config.log`, soma mistari 20 ya mwisho kabla ya kubahatisha.

Ile `LD_LIBRARY_PATH` ukiisahau, programu itajengwa vizuri kisha itakataa kuwaka kwa sababu haioni `libwhisper`.

Amri yenyewe:

```
~/ff8/bin/ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vn -af \
 "whisper=model=ggml-small.bin:language=sw:queue=20:destination=mahojiano.srt:format=srt" \
 -f null -
```

Faili la modeli lilishuka ndani ya `whisper.cpp/models`, lihamishie kwenye folda ya kazi. Kila neno katika amri hii lina sababu.

Modeli zenye `.en` kwenye jina ni za Kiingereza tu. Mifano mingi utakayoikuta inatumia `ggml-base.en.bin`, ukiipa Kiswahili itakuandikia Kiingereza cha ajabu. Chukua isiyo na `.en`. `base` ni MB 142, `small` MB 466, `medium` GB 1.5, `large-v3` GB 2.9. Kiswahili kilipata saa chache mno kwenye mafunzo ya Whisper ukilinganisha na Kiingereza, kwa hiyo modeli ndogo zinakosea sana upande wetu kuliko upande wao. `base` usipoteze muda nayo. `small` inakupa rasimu ya kusahihisha, na mwenye kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya kutosha aende moja kwa moja `large-v3`.

`language=sw` usiiache. Ukiiacha, chujio linajikisia lugha, na mzungumzaji anayechanganya Kiswahili na Kiingereza atalivuruga.

`queue`, foleni ya sauti inayokusanywa kabla ya kuandikwa, ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Chaguo-msingi ni sekunde 3, linalofaa matangazo ya moja kwa moja. Kwa sekunde 3 sauti inakatwa popote, na katika lugha yetu ambapo neno moja linabeba mtenda, wakati na mtendwa, kama "hawatakuambia", kisu kikipita kati unapata "hawata" kwenye kipande kimoja na kitu kisichoeleweka kwenye kinachofuata. Faili likiwa tayari limesharekodiwa hakuna haraka: weka 20. Whisper yenyewe inasikiliza kwa dirisha la sekunde 30, na foleni ndefu pia hupunguza kazi ya prosesa.

Hakuna haja ya kubadilisha sauti kwanza. Chujio linaomba kHz 16 na chaneli moja, na FFmpeg inamtimizia yenyewe. Kwenye Windows, njia ya faili kama `C:\modeli` italeta hitilafu kwa sababu nukta pacha ndani ya chujio hutenganisha machaguo. Ingia kwenye folda husika kwanza, utumie majina mafupi kama hapo juu.

Manukuu yakishasahihishwa (majina ya watu na ya mahali ndiyo ya kuangalia kwanza), yaweke ndani ya MP4 bila kugusa picha:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -i mahojiano.srt -map 0:v -map 0:a -map 1:s \
 -c copy -c:s mov_text -metadata:s:s:0 language=swa na_manukuu.mp4
```

Hapa alama ni `swa` ya herufi tatu, si `sw`. MP4 inataka tatu.

Kwa kuwa umejenga ndani ya `$HOME/ff8`, FFmpeg ya mfumo bado ipo pale pale na unaweza kuzilinganisha kabla ya kuhama. Usimbuaji wa H.264 unapaswa kutoa fremu zile zile, biti kwa biti, katika matoleo yote mawili:

```
ffmpeg -i jaribio.mp4 -map 0:v -f framemd5 zamani.txt
~/ff8/bin/ffmpeg -i jaribio.mp4 -map 0:v -f framemd5 mpya.txt
diff zamani.txt mpya.txt
```

Mstari wa `#software` utatofautiana, huo uache. Ukiona mistari ya fremu imetofautiana, simama na utafute sababu, hasa kama chanzo kina kasi ya fremu inayobadilikabadilika, kama video nyingi za simu. Upande wa kusimba usitumie njia hii, kwani x264 mpya inaweza kutoa biti tofauti na ya zamani bila kosa lolote. Huko linganisha ukubwa wa faili na alama ya SSIM (kipimo cha ufanano wa picha) dhidi ya chanzo:

```
ffmpeg -i mpya.mp4 -i chanzo.mp4 -lavfi ssim -f null -
```

Vipimo vya picha vya faili zote mbili lazima viwe sawa, la sivyo chujio litakataa. Ukipata 0.98 kwenye `All` kwa toleo la zamani na 0.98 kwa jipya, na ukubwa haujapanda, hamisha skripti zako.